Kibao cha Haizimwi

Kabla sijakueleza chochote kuhusu mume wa dada yangu, naomba kwanza ukione kibao chake. Kilikuwa kibao cha mbao, kimepakwa rangi nyeupe, kimegongelewa misumari minne, na kila msumari umetundikwa kadi ya plastiki yenye tarakimu. Juu yake aliandika kwa rangi nyekundu: SIKU BILA KUZIMWA. Kibao hicho kilining'inia kwenye mlango wa chumba cha seva pale hospitali. Kila asubuhi shemeji yangu alipita mbele ya dirisha langu bila hata kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja kubadilisha kadi ya mwisho, akarudi nyuma kidogo akaitazama namba mpya kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo alipokumbuka kwamba binadamu husalimiana.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Hivyo hivyo ulivyonipita," namjibu.

Hospitali nzima ilimwita Haizimwi. Jina hilo alijipachika mwenyewe bila kujua, maana ukimwuliza lolote kuhusu mashine ya mle chumbani, iwe ni vumbi, joto au kelele za feni, jibu lake lilikuwa moja tu: haizimwi. Wenzake walianza kumwita hivyo kwa kumcheka. Yeye akalipokea jina kwa mikono miwili, akawa analiandika mpaka chini ya barua pepe zake.

Nisije nikaonekana nina chuki tu, ngoja nieleze kazi yenyewe. Ile seva ndiyo iliyobeba majibu yote ya maabara. Mimi nakaa dirisha la majibu: mgonjwa anakuja, naingiza namba yake, naona kama majibu yako tayari, namwelekeza kwa daktari. Kuyasoma siruhusiwi, naona tu neno "tayari" au "bado". Karatasi tulishaziaga. Mkurugenzi wetu alikuwa amejipiga kifua mbele ya kila mgeni kwamba hii ni hospitali isiyo na karatasi, na kweli hapakuwa na karatasi, hata chooni siku nyingine. Kwa hiyo mashine ile ikipiga chafya, sisi sote tunaugua. Kazi ya Haizimwi ilikuwa kuitunza, na mojawapo ya utunzaji huo ni kuweka masasisho ya usalama, yaani yale marekebisho yanayoletwa na watengenezaji kila wakigundua tundu ambalo wezi wanaweza kupitia.

Nasi tukaamua kuifanyia mashine sikukuu ya kuzaliwa. Sifanyi utani. Kila mwaka, siku ilipowashwa kwa mara ya kwanza, kulikuwa na keki kwenye korido, maputo, soda, na mkurugenzi mwenye kisu. Akikata keki alimvisha Haizimwi kilemba cha ukoka kirefu kuliko korido yenyewe: eti mfano wa kuigwa, eti laiti kila mtumishi angekuwa kama seva hii asiyelala. Wauguzi waliokesha wodini wanamsikiliza huku macho yamewavimba, wanapiga makofi. Nami nilikula keki, sikatai, keki haikuwa na kosa lolote. Lakini nilikuwa nawatazama watu wazima, wenye vyeti na watoto, wakiimbia sanduku la chuma, nikajiuliza kama sote tumerogwa au ni mimi tu niliyebaki mzima.

Mkaguzi wa mifumo naye alikuja mwaka jana. Alitazama ripoti kwenye skrini, akakuta mistari yote ni ya kijani, maana yake masasisho yote yamewekwa. Hakuuliza swali la pili. Alipiga picha akiwa amesimama kando ya kibao, kidole gumba juu, akaondoka.

Kwenye harusi yangu Haizimwi hakuja. Siku hiyo fundi umeme alikuwa anabadilisha betri za akiba, zile zinazoishikilia mashine umeme ukikatika, na shemeji yangu akaona bora akae pembeni ya betri kutwa nzima, amevaa suti ya harusi, akimsimamia fundi asije akagusa waya usio wake. Dada alikuja peke yake. Kila aliyemwuliza, alimwambia mumewe ana kazi nyeti. Dada yangu hushona sare za shule, ana duka dogo na cherehani tatu, na ni mpole kiasi kwamba wateja humrudishia sketi waliyoichana wenyewe naye huishona upya bila kusema neno. Upole wote wa ukoo aliuchukua yeye. Mimi nilibakiziwa mdomo.

Ni dada mwenyewe ndiye aliyegundua uvimbe kifuani mwake. Alikuwa anajipima kifua kwa futi yake ya kitambaa ili ajishonee gauni, vidole vikakutana na kitu kigumu kando ya titi. Alinipigia simu mimi kabla ya mumewe. Nilimleta hospitali kwetu, wakamdunga sindano nene kama ya kushonea magunia, wakatoa kipande kidogo cha nyama. Alikuwa ameuma kitambaa chake cha mkononi muda wote ule, na walipomaliza kitambaa kilikuwa na tundu. Daktari akasema kipande kitawekwa kwenye kioo na kutazamwa, majibu yatatoka baada ya wiki mbili, na kama ni kile tunachokiogopa basi upasuaji ufanyike haraka bila kupoteza muda. Dada aliitikia kila neno kama mwanafunzi. Tulipofika nje akaniambia, "Usiku silali, mdogo wangu. Najilazia upande ule mwingine ili nisiuguse."

Wiki hiyo hiyo likaja onyo. Lilitoka kwa watengenezaji wa mfumo, limeandikwa kwa lugha ya kutisha: limepatikana tundu kubwa, wezi wameshaanza kulitumia, sasisho liwekwe mara moja. Nililijua kwa sababu Haizimwi alitusimulia mezani, tukiwa tunakula kwake, na alisimulia kwa maringo.

"Saa ileile nimeliweka," alisema. "Ripoti ni ya kijani tupu. Hospitali nyingine sasa hivi wanahangaika."

"Kwa hiyo limeshafanya kazi?" dada akauliza.

"Limewekwa. Ila hili ni la moyo wa mfumo. Mashine inaendelea kutumia moyo wa zamani mpaka uizime na kuiwasha upya."

Dada aliacha kula. "Sasa ripoti inakuwaje ya kijani?"

"Ripoti inaangalia kilichowekwa, mama watoto. Haiangalii kinachotumika."

"Yaani umenunua kitasa kipya ukakifungia kwenye droo, na mlangoni kipo kile kile kibovu."

Haizimwi akacheka, kile kicheko cha mtu anayemhurumia mwenzake kwa kutokujua. Nilitamani kumwagia mchuzi.

"Izime basi Jumapili, wagonjwa wakiwa wachache," dada akasema. "Majibu yangu yatakuwa humo."

"Ijumaa ya wiki ijayo inatimiza siku elfu tatu," akajibu. "Elfu tatu, unaelewa? Mkurugenzi ameshaagiza keki. Ikipita hiyo nitaizima, tena mbele yako ukitaka. Na majibu yako yasikutie presha, yako salama kuliko wewe mwenyewe."

Maneno hayo, neno kwa neno. Dada alinitazama kidogo, kisha akainuka kuondoa vyombo.

Ijumaa ikafika, keki ikaliwa. Ilikuwa na sifuri tatu za sukari ya rangi ya samawati, na mkurugenzi akajichukulia sifuri mbili. Jumatatu nikiwa dirishani namwona Haizimwi anapita, anabadilisha kadi. Elfu tatu na kitu. Jumanne vilevile.

"Shemeji, sherehe si imekwisha?" nikamwuliza.

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo kuna keki ya nani?"

Hakucheka. Macho yake yalikimbilia sakafuni, akasema ana simu ya kupiga, na simu yenyewe niliiona imelala mezani kwake. Nilidhani ni kiburi tu kimemshika koo. Kumbe kilikuwa kitu kingine, lakini hilo nililijua baadaye, lilipokuwa halimsaidii mtu.

Alhamisi asubuhi nilifungua skrini yangu, nikaingiza namba ya dada kama nilivyokuwa nikifanya kila siku. Tayari. Nikampigia simu: "Majibu yametoka. Daktari yuko chumba cha upasuaji, anatoka saa nne. Njoo." Alifunga duka, akaja, akakaa kwenye benchi mbele ya dirisha langu na mkoba wake mapajani. Alikuwa amevaa lile gauni alilokuwa akijipimia. Kila nilipoinua macho nilimkuta anatazama saa ya ukutani.

Saa nne ilikuwa haijafika wakati dirisha la dawa walipoanza kulalamika kwamba mashine zao zimekwama. Kisha mapokezi. Kisha mimi. Jina la dada lilikuwa katikati ya skrini yangu, na lilipotea hapo hapo nikilitazama. Mahali pake pakaja maandishi meupe kwenye weusi yakitutangazia kwamba mafaili yetu yanafungwa moja baada ya jingine, na tukitaka ufunguo tuwalipe wezi wenyewe.

Haizimwi alitoka chumba cha seva akiwa na simu sikioni. Ameiweka kwenye spika, sijui kwa nini, labda mkono haukumtii. Upande wa pili alikuwa mtaalamu wa kampuni inayotusaidia, na sauti yake ilisikika korido nzima.

"Bado inaendelea kufunga mafaili?"

"Ndiyo."

"Izime. Zima sasa hivi, chochote ambacho hakijafungwa kitapona."

Na shemeji yangu, mbele ya wagonjwa, mbele ya wauguzi, mbele ya mke wake aliyekaa na mkoba mapajani, akasema, "Ngoja kwanza."

"Ngoja nini? Zima."

"Ngoja niangalie kidogo."

Akarudi ndani. Mlango ulikuwa wazi, tunamwona. Alipeleka kidole mpaka kwenye kitufe akakirudisha, akakipeleka tena, akakirudisha, jasho linamtiririka. Mkurugenzi alikuwa amefika, naye badala ya kumsukuma kando akawa anauliza kama kuna njia nyingine. Mwishowe fundi umeme akachoka kusikiliza, akaenda kwenye boksi la swichi akakata umeme wa chumba kizima. Taa zikazimika. Mashine haikuzimika. Betri za akiba, zile zile zilizokula harusi yangu, zilifanya kazi yao kwa ustadi wa hali ya juu, na mafaili yakaendelea kufungwa gizani humo bila bughudha. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Dada ndiye aliyeinuka. Aliacha mkoba kwenye benchi, akaingia mle ndani, akasimama nyuma ya mume wake.

"Baba watoto," alisema polepole, "jina langu limo humo. Zima."

Akabonyeza. Feni zikapunguza sauti, zikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe pale, korido ile ilikuwa kimya. Dada akarudi kwenye benchi, akachukua mkoba, akaniuliza kama daktari ametoka.

Yaliyofuata yalichukua siku kadhaa. Nakala za kila siku za majibu zilikuwa kwenye mashine ya pili iliyounganishwa na ya kwanza, na wezi walizifunga zote mbili. Iliyopona ilikuwa diski moja tu, iliyosahauliwa ndani ya sefu ya mkurugenzi tangu kabla dada hajadungwa. Majibu ya wiki zote zilizofuata yakawa yameyeyuka. Utasema: si vile vioo vipo maabara, si vitazamwe upya? Nilisema hivyo hivyo. Nikashuka maabara mwenyewe. Vioo vipo, vimepangwa vizuri kwenye trei, vinang'aa, na kila kimoja kina namba. Namba ni ya nani? Majina yalikuwa kwenye seva. Hospitali isiyo na karatasi. Nilisimama mbele ya zile trei, mojawapo ya vile vioo ni nyama ya dada yangu, na hakuna mtu pale aliyeweza kuninyooshea kidole na kusema ni hiki.

Wataalamu wa ile kampuni walikuja kuifuta mashine na kuirudishia ile nakala ya kwenye sefu. Kabla ya kuiwasha, mmoja wao akamwuliza Haizimwi swali la kawaida kabisa.

"Programu ya majibu inajiwasha yenyewe, au unaiwasha kwa mkono?"

Haizimwi akatazama viatu vyake. Nilikuwa koridoni, nimetoka kujimiminia chai, nikasimama.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Siku ile ya kwanza nilihangaika nayo sana mpaka ikawaka. Sikumbuki nilifanya nini. Nilihofia nikiizima haitarudi, na watu wote watajua kwamba sijui kuiwasha."

Hicho ndicho kilichokuwa nyuma ya kibao. Keki, maputo, kilemba cha ukoka, siku elfu tatu, vyote vilikuwa pazia la mtu mzima mmoja mwoga.

Yule mtaalamu akainua mabega, akabonyeza kitufe. Feni zikaanza. Maandishi yakapita kwenye skrini. Programu ya majibu ikajiwasha yenyewe, bila kuguswa na mtu, ikatuonyesha ukurasa wake wa kwanza kana kwamba hakuna lililotokea. Haizimwi alikuwa ameipanga vizuri mwenyewe siku ile ya kwanza, alipokuwa kijana makini asiye na jina la utani, kisha akasahau kwamba aliipanga. Nikapeleka kikombe mdomoni. Chai ilikuwa bado inaunguza.

Dada alidungwa tena. Safari hii aliniomba nimshike mkono, na kitambaa hakutaka. Tukasubiri upya wiki mbili, na majibu yalikuwa yale tuliyokuwa tukiyaogopa. Daktari alisema angependa kuanza mapema zaidi. Hakusema mapema kiasi gani wala ingebadilisha nini, nasi hatukuuliza. Wakamfanyia upasuaji, wakaliondoa titi.

Haizimwi alikuja wodini siku ya tatu, kanyoa ndevu, kashika mfuko wa machungwa. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kitanda na sikuinuka kumpisha. Alizungukazunguka na maneno, akamweleza habari za ofisini: kwamba hakufukuzwa, kwamba mkurugenzi amehutubia watumishi kuhusu utamaduni wa usalama, naye, mtu yule yule aliyekula sifuri mbili, amehutubia kwa saa nzima. Kwamba sasa kila mwezi anaweka masasisho mchana kweupe, anatangaza, anazima, anawasha.

"Ile siku," dada akamkatiza, "ilichukua muda gani kuwaka?"

Haizimwi akanitazama mimi, kana kwamba ningemwokoa.

"Sema," nikamwambia.

"Chai ya mdogo wako ilikuwa haijapoa."

Dada alilala pale akitazama dari. Nilingoja alie, au amfukuze, na ningemsaidia kumfukuza kwa furaha kubwa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akasema, "Kile kibao chako bado kipo mlangoni?"

"Nimekitoa. Nitakitupa."

"Usikitupe. Kilete nyumbani."

Kiko chumbani kwao sasa, ukutani juu ya kitanda, na misumari yake ileile. Yale maandishi mekundu dada aliyafunika kwa kipande cha kitambaa cha sare. Daktari amesema wataendelea kumchunguza, na kwamba ikipita miaka mitano bila ugonjwa kurudi ndipo atakaposema neno kupona. Kwa hiyo kila asubuhi Haizimwi anaamka, na kabla ya salamu, kabla ya kwenda chooni, dada anamwonyesha ukuta kwa kidole. Mumewe anapanda kitandani bila viatu, anabadilisha kadi ya mwisho, siku moja zaidi tangu upasuaji. Wiki iliyopita nililala kwao, nikamwona kupitia mlango ulio wazi. Hakurudi nyuma kuitazama namba wala hakutabasamu. Aliishika ile kadi kwa vidole viwili, na aliposhuka akakaa kwenye ukingo wa kitanda akamwuliza dada kama amelala vizuri.

"Upande ule ule mmoja," dada akamjibu. "Nenda kazini."